Likizo Ndefu Isiishie Kwenye Mhuri

Kila mwaka likizo ndefu ya vyuo vikuu inapowadia, vijana wetu wanaosomea fizikia hutawanyika kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wachache hupata maabara. Wengine huishia katika ofisi zisizo na kazi inayolingana na masomo yao, wakapanga majalada huku wakingoja siku ya kugongewa mhuri. Fedha za mafunzo hayo ni miongoni mwa zile zinazokopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Taifa haliwezi kuridhika kuvuna mhuri peke yake.

Huko Marekani, tangu mwaka 1987 Mfuko wa Taifa wa Sayansi umewagharimia wanafunzi wa shahada ya kwanza wafanye utafiti na wataalamu kwa majuma yapatayo 10 ya kiangazi. Baadhi yao huchunguza Jua. Nafasi hizo zimetengwa kwa raia na wakazi wa kudumu wa nchi ile, wala hatuwalaumu. Yatupasa kujiuliza za kwetu ziko wapi.

Wapo watakaodai kuwa kulichunguza Jua ni anasa. Fikra hiyo si sahihi. Madoa ya Jua huongezeka na kupungua katika mzunguko wa miaka ipatayo 11, na yanapozidi, dhoruba zake nazo huzidi. Dhoruba ya Mei 2024, iliyokuwa kali kuliko zote kwa takriban miaka 20, ilivuruga vyombo vya kuonyesha mahali kwa setilaiti, hata baadhi ya wakulima wa Marekani wakasimamisha matrekta yao. Sisi tulio karibu na Ikweta tunahusika mno, kwani ionosfia, yaani tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, huvurugika hapa mara kwa mara baada ya Jua kuchwa. Mpima ardhi na rubani wote hutegemea mawimbi yanayopita humo.

Tuchukue mfano wa Ngenge, wilayani Muleba. Mwishoni mwa Septemba, vijana wakiwa bado likizoni, Jua hupita utosini huko, na yapata saa saba kasorobo mchana kijiti kilichosimamishwa wima hakina kivuli. Mwanafunzi wa chuo kikuu akishirikiana na walimu anaweza kupima kivuli hicho, kuangusha taswira ya Jua juu ya karatasi nyeupe kwa darubini ndogo, na kuhesabu madoa kila siku, bila mtu yeyote kulitazama Jua kwa macho. Hesabu zake azilinganishe na vipimo vya kituo cha setilaiti kilichoko Mbarara, ng'ambo ya mpaka. Huo ni utafiti halisi, na wanafunzi wa shule watauona ukifanyika.

Tusisahau kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliokuwa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza sababu alichekwa. Baadaye Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilipokea swali lake na kulipima, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja. Swali la kijana lilizaa matunda kwa kuwa alipatikana mtu mzima wa kulisikiliza.

Kwa hiyo tunavihimiza vyuo vyetu viandae kazi za utafiti na wasimamizi wake kabla ya likizo kuanza. Fedha za mafunzo ziwafikie vijana kwa wakati. Maofisa wa halmashauri wasikubali kijana wasiyekuwa na kazi ya kumpa, bali wamwelekeze penye kazi. Nao walimu wakuu, wa Ngenge na kwingineko, wamtengee chumba, meza na wanafunzi wachache wenye udadisi. Kijana atakayerudi chuoni na daftari lililojaa vipimo vyake mwenyewe atakuwa amelipa sehemu ya kwanza ya deni lake kwa Taifa.