Padel: smashi inapendeza kwenye simu, lakini pointi inatafutwa mbele ya wavu

Video za padel zinazopita kwenye simu za vijana karibu zote ni namna moja: mtu anaruka, anapiga mpira kwa nguvu zake zote, mpira unadunda upande wa wapinzani, unapita juu ya ukuta na kutoka inje ya uwanja. Watu wanapiga kelele. Mwenye kuangalia anafikiri mchezo ni huo tu. Lakini ile ni dakika moja iliyokatwa ndani ya mechi ya saa mbili, na mwenye kuikata hakuonyesha kazi iliyofanywa kwanza.

Tuanze na uwanja wenyewe. Ni mita 20 kwa 10, wavu katikati una sentimita 88, na pande zote umezungushwa vioo na senyenge. Nyuma, ukuta unafika mita 4. Wanacheza wawili kwa wawili, na raketi haina nyuzi, ni kama ubao wenye matundu. Mpira ukidunda chini kisha ukagonga kioo, bado uko mzima. Mpinzani anaungoja utoke kwenye kioo, anaurudisha.

Shida ya mwenye nguvu iko pale. Kwenye tenisi, mpira wa nguvu ukikupita, imeisha. Kwenye padel ule ule mpira unagonga kioo na kurudi mpaka katikati ya uwanja, laini, mtu anaupiga vile anataka. Aliyepiga smashi mbaya amempa adui zawadi. Enrique Corcuera, aliyeanzisha mchezo huu Acapulco, Meksiko, mwaka 1969, alitumia kuta ili mpira usipotee, na mpaka leo zile kuta ndizo zinamlinda mwenye kuwa nyuma.

Sasa pigo la kumaliza linatoka wapi? Sana sana linatoka kwenye nafasi. Wawili wanaosimama karibu na wavu ndio wanaoamuru. Walio nyuma wanawainulia mpira wa juu ili wawarudishe nyuma, na hapo ndipo mchezaji mzuri anajulikana. Hapigi smashi. Anapiga bandeja, neno la Kihispania lenye maana ya sinia: raketi inatembea kana kwamba amebeba sahani, mpira unaenda polepole kwenye kona, yeye anarudi mbele. Kuko pia víbora, yaani nyoka, yenye kuzungusha mpira kwa upande, ili ukitoka kwenye kioo ubaki chini. Haya mapigo hayamalizi pointi. Yanamchosha mwenzako mpaka ainue mpira mfupi, na ule mfupi ndio unaouawa. Wakati mwingine hata nguvu haiko lazima: mpira unapelekwa katikati ya wapinzani wawili, kila mmoja anamtazama mwenzake, unapita.

Smashi ya kutoa mpira inje inahitaji mpira mfupi, mwili mrefu na hali ya hewa nzuri. Kukiwa joto mpira unaruka sana. Kwenye baridi unakufa. Urefu wa mahali nao unahesabika, kwa sababu hewa ni nyepesi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo smashi ingeruka kuliko pale pwani. Na hata ukitoka inje, haijaisha kila mara: pale penye nafasi, sheria inaruhusu mchezaji akimbie, apite mlangoni na kuurudisha.

Kwa upande wa wanaume, nguvu imepanda bei. Arturo Coello, Mhispania wa mkono wa kushoto, mrefu, na Agustín Tapia wa Argentina wametawala wakiwa na smashi za kutisha. Lakini kati ya wapinzani wao wakubwa yuko Federico Chingotto, Muargentina mfupi anayeishi kwa mipira ya juu na miguu isiyochoka, akicheza na Alejandro Galán. Naye Fernando Belasteguín, aliyestaafu mwisho wa 2024, alikaa namba 1 miaka 16 mfululizo, na si smashi iliyomweka pale.

Hapo kuna swali la feza pia. Premier Padel ilianza 2022 kwa feza ya Qatar Sports Investments, kampuni inayoongozwa na Nasser Al-Khelaifi. Mwaka 2023 ilinunua mashindano mengine, World Padel Tour, na tangu 2024 wachezaji wakubwa wako chini ya mwavuli mmoja. Ni kampuni ile ile yenye PSG, ile timu ambayo Kinshasa iliiandikia mwaka 2025 ikiomba iachane na Visit Rwanda. Mwenye kuuza picha anataka kelele, na bandeja haileti kelele.

Shirikisho la padel la dunia ndilo linaandika sheria, na mpira wenyewe uko ndani ya sheria: ukiangushwa kutoka mita 2.54 lazima udunde kati ya sentimita 135 na 145. Wakitaka kupunguza smashi, wapunguze pale. Wakiacha vijana warefu wazidi kutoa mipira inje, watu kama Chingotto watakuwa wachache, na aliye na miaka 45 na mwili wa kawaida, ambaye ndiye anayelipia uwanja jioni, atabaki na mchezo usiofanana tena na ule anaouona kwenye simu.