Kabla Shimo Halijaporomoka

Mwezi Machi 2023, huko Kivu ya Kusini, shimo la dhahabu liliporomoka baada ya mvua na kuwafungia wachimbaji ndani. Wengi wetu tuliiona video yake katika simu: mtu mmoja anafukua mlangoni mwa shimo, udongo unazidi kumwagika, na ghafla anachomoza mtu, kisha mwingine, hata wakatimia tisa, wote wazima.

Sisi wa Salamabila tulishangilia kana kwamba ni wetu. Nani kwetu hana ndugu anayeshuka mashimoni upande wa Namoya? Lakini tulipoitazama mara ya pili, tulijiuliza: umati ule ungalikimbilia wote juu ya shimo, nani angalitoka? Udongo uliolegea kwa maji haustahimili uzito wa watu mia. Wanaokuja kuokoa waweza kuwafukia mara ya pili walio chini, na kufukiwa pamoja nao.

Kwa hiyo hatukubaliani na wasemao kwamba moyo tu watosha. Moyo tunao. Shimo likianguka, mashine ziko mbali, na barabara zetu tunazijua. Waokoaji wa kwanza ni majirani, na wengi wao ni vijana. Tunachokosa ni utaratibu: mmoja wa kuamuru, wachache wa kufukua kwa zamu, wengine wa kuzuia halaiki, na wote kunyamaza mara kwa mara ili sauti ya aliye chini isikike. Kumzuia mama anayelia asikaribie ukingo ni kazi ngumu kuliko kushika jembe, wala hakuna atakayekupiga picha ukiifanya.

Tena kuna hesabu. Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa iliporomosha mashimo, na watu wasiopungua 50 walihofiwa kufa. Neno hilo, "walihofiwa", latuuma. Pasipo orodha ya walioshuka, hata waombolezaji hukisia.

Tunapendekeza kila kikundi kimwendee mkuu wa shimo lililo karibu nacho, kimwombe aweke daftari mlangoni: jina la anayeshuka asubuhi, alama apandapo jioni. Wapo watakaocheka. Watasema mchimbaji hapendi jina lake liandikwe, na kweli wengine wana sababu zao. Basi liandikwe jina la utani. Walio juu watajua ni wangapi wa kutafutwa.