Kengele ya Saa Kumi: Klabu ya Wanajeshi Iliyozimika Portsmouth

Katika mji wa bandari wa Portsmouth, kusini mwa Uingereza, timu ya mji inapocheza nyumbani watazamaji huimba wimbo mfupi sana unaofuata mlio wa kengele za saa. Baba humfundisha mwanawe, naye mwana akikua humfundisha wake. Wimbo huo umekwisha pindukia miaka mia moja. Hata hivyo haukuzaliwa na timu inayoimbiwa leo. Ulizaliwa na timu nyingine iliyokuwa ya wanajeshi watupu, ambayo iliondoka katika ulimwengu wa kandanda mwaka 1899.

Wanajeshi hawakuwa wageni katika mchezo huo. Kombe la Chama cha Mpira cha Uingereza lilipofikia fainali yake ya kwanza mwaka 1872, mojawapo ya timu mbili zilizoingia uwanjani ilikuwa ya wahandisi wa jeshi, Royal Engineers, kutoka Chatham. Walifungwa bao 1-0 na Wanderers. Siku hiyo Luteni Edmund Creswell alivunjika mfupa wa mtulinga mchezo ungali mbichi, naye akakataa kutoka hadi filimbi ya mwisho. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1875, wahandisi hao walilitwaa Kombe.

Huko Portsmouth, mji wa manowari na makambi, zamu ilikuwa ya askari wa mizinga. Katikati ya miaka ya 1890 timu yao, Royal Artillery, ilianza kuvuma. Wenyeji wa mji, na hasa mafundi wa kiwanda cha meli, waliipenda kana kwamba ni yao wenyewe. Ilikuwa ikicheza katika uwanja wa majeshi uliokuwa karibu na jumba kubwa la mji, lililofunguliwa mwaka 1890. Mnara wa jumba hilo ulikuwa na saa yenye kengele zilizosikika mbali.

Hapo ndipo wimbo ulipoanzia. Waamuzi walikuwa wakiitegemea saa hiyo ya mnara kujua wakati wa kumaliza mchezo, nao ulikwisha saa kumi alasiri. Kengele zilipokaribia kulia, watazamaji walianza kuimba mlio wake kwa sauti moja, kumkumbusha mwamuzi kwamba muda umetimia. Bila shaka waliimba kwa nguvu zaidi timu yao ilipokuwa ikiongoza.

Ili kuelewa yaliyoisibu klabu hiyo, yafaa kukumbuka jinsi mchezo ulivyokuwa umegawanyika siku zile. Tangu mwaka 1885 Chama cha Mpira kilikuwa kimeruhusu wachezaji walipwe, lakini wale wa ridhaa waliendelea kuwa na mashindano yao, na tangu msimu wa 1893-94 wakawa na Kombe lao wenyewe. Mchezaji wa ridhaa hakutakiwa kupata faida yoyote ya fedha kwa kucheza. Aliyekiuka sharti hilo alihesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa, na klabu yake ikafikishwa mbele ya Chama.

Askari wa mizinga walikuwa wachezaji wa ridhaa. Mwaka 1896 walifika fainali ya Kombe la Ridhaa iliyochezwa Leicester, wakashindwa na Bishop Auckland kwa bao moja bila jibu. Kushindwa huko hakukuwavunja moyo. Msimu wa 1897-98 walichukua ubingwa wa Daraja la Pili la Ligi ya Kusini, na msimu uliofuata wakapanda Daraja la Kwanza. Huko walikutana na klabu za wachezaji wa kulipwa kama vile Southampton, Tottenham Hotspur na Millwall, ambazo kazi ya wachezaji wao ilikuwa mpira tu, ilhali askari alikuwa na zamu ya lindo, gwaride na amri za kituo.

Msimu huo huo ndipo maafa yalipoingia. Royal Artillery ilishtakiwa kuvunja masharti ya ridhaa, katika shauri lililohusu fedha zilizotumiwa kwa ajili ya wachezaji. Chama cha Mpira kiliiona ina hatia, kikaiondoa katika Kombe la Ridhaa. Kwa klabu nyingine lingekuwa pigo la kawaida, kwani ingaliweza kujitangaza kuwa ya kulipwa na kuendelea. Klabu ya kikosi cha jeshi haikuwa na njia rahisi kama hiyo. Askari ni mtumishi wa serikali kabla ya kuwa mchezaji.

Uwanjani nako mambo yaliharibika. Ilipofika mwisho wa msimu wa 1898-99 Royal Artillery ilikuwa imeshika mkia katika Daraja la Kwanza. Ikapewa nafasi ya mwisho ya kujiokoa, nayo ilikuwa mechi ya kuamua dhidi ya Cowes, klabu ya kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari karibu na Portsmouth. Ikafungwa. Basi ikawa imepoteza Kombe lake, daraja lake na jina lake jema katika muda wa msimu mmoja, na timu ikavunjwa.

Watu wengi husimulia kwamba klabu ya kiraia ya Portsmouth ilianzishwa kwa sababu ile ya wanajeshi ilikufa. Tarehe zasema vingine. Tarehe 5 Aprili 1898, wakati askari wa mizinga walipokuwa katika kilele cha sifa, watu sita wa mji huo, akiwemo John Brickwood mwenye kiwanda cha pombe, walikutana na kuanzisha kampuni ya mpira. Walinunua shamba kwa pauni 4,950, wakajenga uwanja wa Fratton Park. Kwa hiyo wanajeshi walipoanguka, mrithi alikuwa tayari mlangoni. Portsmouth iliingizwa moja kwa moja katika Daraja la Kwanza, na Septemba 2, 1899 ikacheza mchezo wake wa kwanza wa ligi huko Chatham, ikashinda 1-0. Msimu huo ilimaliza ya pili.

Baadhi ya mambo ya klabu iliyokufa yalihamia katika ile mpya. La kwanza lilikuwa mlinda mlango, Matt Reilly, askari wa mizinga mzaliwa wa Dublin, ambaye aliendelea kudaka mipira Fratton Park na hatimaye akaichezea Ireland. Siku zile sheria ilimruhusu mlinda mlango kuushika mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya uwanja, ruhusa iliyoondolewa mwaka 1912, kwa hiyo mlinda mlango hodari alikuwa kama walinzi wawili. La pili lilikuwa wimbo. Watazamaji waliouacha uwanja wa majeshi waliubeba mlio wa kengele hadi Fratton Park, ingawa huko hapakuwa tena na mwamuzi wa kuitazama saa ya mnara.

Miaka iliyofuata ilikuwa mirefu. Portsmouth ilitwaa Kombe la Chama cha Mpira mwaka 1939 kwa kuifunga Wolverhampton Wanderers 4-1, na kwa kuwa vita vilisimamisha mashindano, Kombe likakaa nayo muda wote wa vita. Januari 1941 mabomu ya Wajerumani yaliliteketeza jumba la mji pamoja na saa yake. Lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1959. Katika miaka yote hiyo ya kimya watu hawakuacha kuimba kengele ambazo hazikuwapo. Jenerali Montgomery mwenyewe, kamanda wa vita vya El Alamein, alikuwa rais wa heshima wa klabu hiyo.

Katika vikosi vingi viongozi wa timu huchaguliwa kwa ajili ya bidii yao ya mpira, na daftari la fedha hukabidhiwa mtu yeyote aliye karibu. Askari wa mizinga wa Portsmouth walikuwa na wachezaji hodari na mji mzima uliowashangilia. Kilichowaangusha kilianzia katika hesabu, nayo miguu ya wachezaji haikuweza kukiponya. Ubingwa wao wa mwaka 1898 umebaki katika orodha za zamani. Wimbo wao ungali hai, na huimbwa na watoto ambao hawajapata kulisikia jina la klabu hiyo.