Kukata Mtu Mshahara Si Kumsaidia Kuacha Fegi

Nitasema waziwazi, na mabosi wakikasirika wakasirike: kumpiga mfanyakazi faini juu ya fegi si kumsaidia kuacha. Ni kumkamua pesa kisha unajiita mtu wa afya.

Naijua hii stori kutoka ndani. Nimefanya kazi kwenye kituo cha kupokea simu hapa Nairobi, shifti ya usiku. Jina tuliache. Mteja anakutukana kuanzia saa nne usiku hadi kunakucha, na skrini inahesabu kila sekunde uliyotoka kwa kiti. Mimi sivuti. Lakini kwenye timu yetu ya watu kumi, wanne walikuwa wanavuta, na wawili kati yao walianzia hapo hapo kazini. Kwa nini? Juu mapumziko pekee ambayo hakuna mtu alikuuliza maswali ni yale ya kushuka chini kuvuta. Ukisema unaenda kupunga hewa, wewe ni mvivu. Ukisema unaenda kuvuta, eti sawa, rudi haraka.

Halafu siku moja wakubwa wakageuka: ukipatikana ukivuta nje ya saa ya chakula, unakatwa mshahara. Unajua ni wangapi waliacha? Hakuna. Walijifunza tu kujificha kwa ngazi za nyuma na kutembea na peremende mfukoni.

Sasa kuna watu wataniambia sheria ndiyo inasema hivyo. Hapana. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilikataza kuvuta ndani ya sehemu za kazi, na mimi naiunga mkono mia kwa mia, juu moshi wako hauna haki ya kuingia kwa mapafu yangu. Lakini mwaka huo huo wa 2007 tulipata pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na hiyo inamwambia mwajiri aangalie usalama, afya na maslahi ya watu wake. Mabosi wengi wamesoma ile ya kwanza, wakabandika kibao ukutani, wakaona kazi imeisha. Kibao kinamwonyesha mtu mahali asivute. Hakimwonyeshi ataachaje.

Na kuacha si mchezo. Nikotini ukiivuta inafika kwa ubongo ndani ya sekunde kama 10. Ubongo ukishaizoea, ukiikosa unakuja juu: hasira za bure, usingizi unapotea, akili haitulii. Siku chache za kwanza ndizo mbaya zaidi, na hali hiyo inaweza kuchukua wiki mbili hadi nne kutulia. Sasa mpe mtu huyo shifti ya usiku na mteja wa kumtukana mama yake, kisha umwambie ajikaze. Ajikaze na nini?

"Alianza mwenyewe, aache mwenyewe." Hii naisikia kila siku, na majibu yake yalishapatikana. Huko Marekani watafiti walifuatilia wafanyakazi 878 wa kampuni ya General Electric, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Karibu nusu walipewa tu habari za mahali pa kupata usaidizi. Wengine walipewa habari hizo hizo pamoja na zawadi ya hadi dola 750, ukimaliza mafunzo na ukithibitishwa kwa kipimo kwamba umeacha. Baada ya kama mwaka mmoja, walioacha katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 5.0. Kundi la pili, asilimia 14.7. Kampuni ni ile ile. Tofauti ni kile mwajiri alichoweka mezani. Na ona pia kwamba hata kwa hao wa zawadi wengi hawakufaulu. Kama pesa haitoshi kung'oa hiki kitu, faini yako ya shilingi mia tano itafanya nini?

Kuna swali moja ambalo ni la haki: kwa nini mvutaji apewe vitu na mimi nisiyevuta nibaki hivi hivi? Mwaka 2017 kampuni moja ya Tokyo, Piala, iliamua kuwapa wasiovuta siku sita zaidi za likizo yenye malipo, kufidia muda ambao wenzao wanatumia kwa fegi. Mimi nasema tuanze na rahisi zaidi: kila mtu apate dakika kumi za kupumzika, avute asivute. Hapo fegi inaacha kuwa tikiti ya kutoka nje.

Kisha bosi aongeze haya. Bandiko na chingamu za nikotini ziingie kwa bima ya kazini. Shirika la Afya Duniani liliziweka kwa orodha ya dawa muhimu tangu 2009, kwa hivyo usiniambie ni anasa. Mtu apewe muda wa kuongea na mshauri bila kukatwa saa. NACADA wana laini ya bure, 1192, kwa hivyo hata kampuni ndogo haina kisingizio. Watu wa HR wasiandike kwa faili nani anavuta. Na mtu akirudia, asifukuzwe kwa mpango, maana wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu.

Lakini kama mpango huo ni wa walio na kitambulisho cha kampuni peke yao, bado ni maonyesho. Askari wa geti anakesha kwa baridi na kipande kimoja kimoja kutoka kwa kibanda. Anayefagia ofisi ameletwa na ajenti, hana bima, hana hata kiti. Hao ndio hakuna mtu huwaalika kwa mkutano wa afya, na usiku wao ndio mrefu zaidi.

Wewe unayeanza kazi yako ya kwanza, uliza haya mapema, hata kama huvuti. Tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku, kampuni zitavaa tisheti nyeupe na kupiga picha. Ukiona ya bosi wako, muulize hapo hapo: bandiko ziko wapi, na askari wa geti ako kwa orodha?