Mfuko mbadala unautumia mara ngapi?



Juzi jioni nilisimama kwenye genge moja hapa Kihesa, nikanunua nyanya na vitunguu. Nikaondoka na mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa. Nyumbani nikautundika nyuma ya mlango, palipo na mingine kama ishirini hivi. Nikajiuliza: hivi kweli tunalinda mazingira, au tumebadilisha jina la takataka tu?

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, yaani rambo, ni marufuku Tanzania Bara. Naunga mkono. Anayeikumbuka mitaro iliyoziba hawezi kubisha. Ila wengi wetu hatujui kwamba huu mbadala nao ni plastiki, aina ya polipropilini.

Kuna hesabu inaitwa tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa. Huiangalii bidhaa ikiwa dukani tu. Unaifuata kuanzia malighafi, kiwandani, barabarani, kwa mtumiaji mpaka jalalani. Coca-Cola waliagiza hesabu ya namna hii mwaka 1969 kuhusu vifungashio vyao. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa yake kuhusu mifuko. Ili kuishinda rambo iliyotumika mara moja, kwa upande wa hewa zinazoongeza joto duniani, mfuko wa karatasi lazima utumike mara 3, wa polipropilini mara 11, wa pamba mara 131!

Basi turudi kwenye rambo? Hapana. Hesabu ile haikupima uchafu unaozagaa mitaani, na hilo ndilo lililotusumbua sisi. Lakini inatufundisha jambo moja: mfuko mzuri unaotumika mara moja ni hasara.

Hapo ndipo ninapowageukia wenye maduka. Kumuuzia mteja mfuko mpya kila akija si kujali mazingira, ni biashara ya mifuko. Msiulize tu mfuko umetengenezwa kwa nini, ulizeni utarudi dukani mara ngapi. Mteja anayekuja na wake mpunguzieni hata shilingi mia.

Bibi zetu hapa Iringa walikwenda sokoni na kikapu cha milulu, na mwaka uliofuata kilikuwa kilekile. Hawakuhitaji semina.

Mimi kesho nachukua mmoja nyuma ya mlango. Wewe wako umeutumia mara ngapi?