Vyuo vinapofungwa, nani anamfundisha mwanafunzi wa sanaa?

Na Mwandishi Wetu

MACHI 18, 2020, siku moja baada ya kufungwa kwa shule zote nchini kutokana na ugonjwa wa corona, Serikali ilitangaza kuvifunga pia vyuo vikuu na vyuo vya kati. Wanachuo walifungasha mizigo na kurejea makwao. Aliyekuwa akisomea sheria aliondoka na vitabu vyake, na wa uhasibu aliondoka na madaftari. Lakini aliyekuwa akisomea ngoma, uchongaji au maigizo aliviacha nyuma karibu vitu vyote alivyokuwa akivitumia kujifunza: karakana, jukwaa, ala, na zaidi ya yote, wenzake.

Vyuo vilifunguliwa Juni 1, 2020, baada ya miezi miwili na nusu. Kwa kuwa kipindi hicho kilikuwa kifupi, mjadala wa namna ya kumfundisha mwanafunzi wa sanaa akiwa mbali na chuo ulizimika kabla haujawaka. Ratiba zilibanwa, likizo zikapunguzwa, na maisha yakaendelea.

Hata hivyo, ni makosa kudhani kuwa suala hilo limekwisha. Magonjwa ya mlipuko hayatoi taarifa kabla ya kubisha hodi, na mafuriko yamezoea kukata barabara kila masika. Swali linalobaki ni moja: je, chuo cha sanaa kikilazimika kufunga milango kesho, mwanachuo wake atakuwa na mwalimu?

Funzo kutoka kwa jirani

Anayetaka kujua uzito wa swali hilo hana haja ya kutazama mbali. Uganda ilifunga taasisi zake za elimu Machi 2020, na shule zake hazikufunguliwa zote hadi Januari 10, 2022. Kwa hesabu za UNESCO, ni takriban wiki 83 za kufungwa, kikamilifu au kwa sehemu, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Vyuo vikuu vilifunguliwa kwa mafungu: wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliruhusiwa kurejea Oktoba 2020, kisha vikafungwa tena Juni 2021 na kufunguliwa Novemba mwaka huo.

Miongoni mwa waliokumbwa na hali hiyo ni shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyotokana na madarasa yaliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Hiyo si shule ngeni kwa Watanzania. Mchoraji Sam Ntiro, aliyekuja kuwa Balozi wa nchi hii mjini London, alisoma na kufundisha hapo, na Elias Jengo, aliyefundisha vizazi vya wasanii katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye alipitia Makerere. Shule iliyolea sanaa ya ukanda huu ilipofungwa, ilikuwa kama kisima kilichofunikwa wakati wachotaji bado wako njiani.

Kwa nini sanaa ni tofauti

Wapo wanaouliza kwa nini mwanafunzi wa sanaa apewe uzito wa pekee wakati wanafunzi wote waliathirika. Jibu limo katika asili ya masomo yenyewe. Somo la historia huweza kusafiri kwa maandishi. Somo la ngoma husafiri kwa mwili: mwalimu husogeza bega la mwanafunzi, humgusa kiwiko, husikiliza mguu unavyogonga ardhi. Mfinyanzi hujua udongo umeiva kwa vidole, wala hakuna kioo cha simu kinachoweza kumwonjesha mwanafunzi unyevu huo.

Upo pia ugumu wa kiufundi ambao wengi hawaujui. Wanamuziki wanaopiga pamoja huvumilia ucheleweshaji mdogo mno wa sauti, kiasi cha milisekunde 25 hadi 30. Huo ni muda ambao sauti huchukua kusafiri mita kumi hivi hewani. Ukizidi hapo, kila mmoja huanza kumsubiri mwenzake na mwendo wa wimbo hulegea. Mikutano ya kawaida ya video huchelewesha sauti kwa muda mrefu zaidi ya huo. Ndiyo maana kikundi cha taarab hakiwezi kufanya mazoezi kwa njia hiyo, hata kama kila mpigaji angekuwa na simu ya bei kubwa. Kanuni itakuwa imefika mwisho wa beti wakati fidla bado iko katikati.

Teknolojia ya kupunguza ucheleweshaji ipo. Programu ya JackTrip ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na mfumo wa LOLA ulitengenezwa na chuo cha muziki cha Trieste, Italia, yote miaka mingi kabla ya corona. Lakini mifumo hiyo hudai intaneti yenye kasi na uthabiti ambao mwanachuo aliyerudi Newala au Ukerewe hawezi kuutegemea.

Suala la gharama nalo halikwepeki. Saa moja ya mkutano wa video wa kundi inaweza kumaliza gigabaiti nzima ya kifurushi, ilhali ujumbe wa sauti wa dakika tano hutumia megabaiti chache tu. Na hata mwenye fedha ya kifurushi hana hakika. Mei 12, 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, za EASSy na Seacom, zilikatika na kudhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Chuo ambacho kingekuwa kimeweka masomo yake yote kwenye video ya moja kwa moja kingekuwa kimekwama siku hiyo.

Wenye uwezo nao walihangaika

Isidhaniwe kwamba fedha peke yake ni dawa. Nchini Uingereza mwaka 2020, wanafunzi wa sanaa wa vyuo mbalimbali waliendesha kampeni iliyoitwa Pause or Pay UK, wakitaka masomo yasimamishwe hadi karakana zifunguliwe, au warudishiwe ada. Katika shule ya sanaa ya Tisch ya Chuo Kikuu cha New York, wanafunzi nao walidai sehemu ya ada zao.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: walilipia karakana, jukwaa na vifaa, wakapewa kioo cha kompyuta.

Yapo pia mafanikio. Shule ya Juilliard ya New York ilitoa Aprili 2020 filamu fupi iliyowaunganisha wanafunzi na wahitimu wake, kila mmoja akicheza au kupiga ala akiwa nyumbani kwake, juu ya muziki wa Bolero wa Ravel. Royal College of Art ya London ilihamishia maonyesho ya wahitimu wake wa mwaka huo kwenye intaneti.

Ukizitazama kwa makini, kazi hizo zina jambo moja la pamoja. Hazikujaribu kuigiza darasa la kawaida kupitia kioo. Juilliard haikuwataka wapigaji wapige kwa wakati mmoja. Kila mmoja alirekodi kipande chake, na kazi ya kuviunganisha ikafanywa baadaye. Umbali uligeuzwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Nyumbani si mbali na sanaa

Hapa ndipo vyuo vyetu vina utajiri ambao London na New York hazina. Mwanachuo wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) anapofunga safari kurudi kwao, mara nyingi huwa anaelekea mahali ambako sanaa anayosomea ilizaliwa. Wachongaji wa Kimakonde wako Mtwara, na mafundi wa ngoma za Kisukuma wako Mwanza na Shinyanga. Waimbaji wakongwe wa taarab wako Unguja na Tanga. Kijana huyo yuko mbali na chuo, lakini hayuko mbali na sanaa.

Kinachokosekana ni daraja. Mkufunzi anaweza kumwagiza mwanafunzi amtafute fundi mmoja jirani na kwao, ajifunze mdundo mmoja au mbinu moja ya patasi, arekodi kwa simu na kueleza kwa ujumbe wa sauti alichokiona. Kazi kama hiyo haihitaji video ya moja kwa moja wala kompyuta. Chuo nacho hupata hazina ya kumbukumbu ambayo kingetumia fedha nyingi kuikusanya.

Aidha, masomo yenyewe yapangwe upya mapema. Historia ya sanaa, uandishi wa michezo ya kuigiza, nadharia ya muziki na uchoraji wa penseli yanaweza kusafiri. Mazoezi ya ala ya mtu mmoja yanaweza kusafiri nusu, kwa kurekodi na kusahihishwa. Mazoezi ya kundi, taa za jukwaani na tanuri la kuchomea vyungu hayasafiri. Hayo yatengewe muda wa kufidiwa vyuo vitakapofunguliwa, bila mwanafunzi kutozwa gharama ya pili.

La tatu ni malezi. Mwanachuo wa sanaa aliye nyumbani hukabiliwa na jambo ambalo mwenzake wa uhasibu halijui: sauti yake ni kero kwa majirani. Mzazi anayemkuta kijana akikariri maneno ya mhusika uani huku akilia na kucheka humwona kuwa anacheza, na humtuma sokoni. Msichana ndiye huanza kuitwa jikoni. Barua fupi ya chuo kwa mzazi, inayoeleza kwamba yale ni masomo na yana saa zake, ingeokoa mengi. Vivyo hivyo simu moja kwa wiki kutoka kwa mkufunzi mwenye kundi dogo la wanafunzi anaowajua kwa majina ina thamani kuliko mhadhara wa watu mia mbili waliozima kamera.

Wakati wa kuamua ni sasa

Vyombo vinavyosimamia elimu, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), ndivyo vyenye ufunguo. Mkufunzi hawezi kukubali kazi iliyorekodiwa kwa simu badala ya mtihani wa vitendo iwapo kanuni za upimaji hazimruhusu. Kanuni hizo zikiandikwa wakati wa utulivu, vyuo havitalazimika kubahatisha wakati wa dhiki. Vyuo vyenyewe, kwa upande wao, havihitaji kusubiri agizo ili kuorodhesha ni mwanafunzi gani ana simu, nani hana, na nani anaishi jirani na fundi gani.

Wapo watakaosema kuwa nchi yenye upungufu wa madarasa ina mambo makubwa zaidi ya kufikiria. Hoja hiyo ina uzito, lakini mengi kati ya yaliyotajwa hayagharimu fedha nyingi bali mipango. Mwanafunzi wa sanaa anayekatishwa masomo kwa miezi kadhaa hapotezi kurasa za kitabu tu. Hupoteza wepesi wa viungo, sikio la ala na ujasiri wa kusimama mbele ya watu, na wengine hawarudi tena chuoni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulionekana mwaka 2020. Vyuo vilipofunguliwa, wengi waliusahau, lakini bado uko pale pale.