Kiingereza Darasa la Kwanza: Pale Sikio Lisipotosha

Mwanafunzi wa Darasa la Kwanza mjini Makambako akitajiwa neno “mahindi” katika imla, sikio humtosha: ma-hi-ndi, kila silabi huandikwa kama inavyosikika. Akitajiwa “one” la Kiingereza, sikio hilohilo humpoteza, naye huandika “wan”. Kwa kanuni alizofundishwa, hajakosea.

Suala hilo limepata uzito tangu Januari 2024, mtaala mpya ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ulipoanza kutekelezwa na Kiingereza kuingia Darasa la Kwanza. Katika mtaala wa 2015, madarasa mawili ya mwanzo yalijikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK), na Kiingereza kilisubiri Darasa la Tatu. Kwa mtoto wa kijijini mkoani Njombe anayezungumza Kibena nyumbani, hiyo ni lugha ya tatu.

Maneno kama “said” na “friend” hayafundishiki kwa silabi. Hushikwa yakiwa mazima. Hapo mwandiko wa kuunganisha herufi unaweza kusaidia: penseli haiinuki ovyo katikati ya neno, na mkono huzoea mwendo wake wote kwa pamoja. Msaada huo, hata hivyo, una sharti. Mtoto ambaye bado hajamudu kuumba “r” na “n” kila moja peke yake ataziunganisha vibaya, na mwalimu hatajua kama kosa ni la tahajia au la mkono. Katika asubuhi za baridi ya Julai, vidole vinapokakamaa, maneno matatu kwa kipindi yanatosha. Orodha ya maneno ishirini ni adhabu.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Jina la Wanging’ombe, mojawapo ya wilaya za mkoa huo, lina “ng” mbili zenye sauti tofauti, zinazotofautishwa na ritifaa pekee. Katika mwandiko wa kuunganisha, alama hiyo huwekwa neno likishakamilika, hivyo ni rahisi kusahaulika. Mwalimu akianza na jina hilo, ambalo watoto wanalifahamu, ataweza kuwaonesha kazi ya jicho kabla ya kuwapeleka kwenye Kiingereza.

Walioanza Darasa la Kwanza mwaka 2024 watafika Darasa la Nne mwaka 2027, ambako upimaji wa kitaifa wa Kiingereza hufanyika kwa maandishi. Mzazi anayekagua daftari na kukuta “wan” ana sababu ya kuuliza kwanza mtoto ameliandika neno hilo mara ngapi mbele ya mwalimu.